Wingu Lisilopiga Hodi

Kabla ya alfajiri mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni, na Bibi Maimuna akajua mawingu yameanza kufika. Mjukuu wake Shadia alikuwa anatafuta wingu la kuhifadhia programu ya simu ya kikundi cha kina mama wa Kinole, na habari zilikuwa zimeshapanda mlimani.

Programu ilionyesha mdalasini wa nani umefika kumenywa na nyumba ipi ina mgonjwa, ili mwenye mgonjwa asaidiwe kwanza. Zamani waliambizana kwa mdomo tu, kisimani.

Likaja wingu dogo la kijivu. Lilipiga hodi, likangoja. Lilipokaribishwa lilijikamua kwanza juu ya mchicha wa Bibi, ndipo likaingia na kukaa kwenye kigoda. Lilisema wazi kwamba wakati wa kiangazi hupungua, na siku nyingine halitapatikana.

La pili lilikuwa jeupe, kubwa. Lilipitia dirishani likajaza chumba hadi kalenda ikapotea. Lilitoa shikamoo kwa Bibi, kwa Shadia na kwa paka, kwa sauti ile ile. Lilisema halikauki kamwe, tena mwanzo ni bure. Bibi aligusa upindo wa wingu hilo. Ulikuwa mkavu.

"Wewe unanyesha wapi?"

"Popote, Bibi."

"Popote ni kwa nani?"

Wingu likasifia chai ambayo halikuinywa.

Evance, katibu wa kikundi, alicheka aliposikia. "Bibi, mawingu ya siku hizi hayapigi hodi." Akasema kikundi hakiwezi kutegemea kitu cha kukauka. Shadia hakumtazama bibi yake. Akachagua jeupe.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha huko mjini, Msamvu, juu ya bati moja tu, la Dominiko, mlanguzi wa viungo. Ilikuwa mvua ya majina, ya nyumba za Kinole zenye wagonjwa. Wapita njia walihamia upande wa pili wa barabara. Dominiko alikinga ndoo.

Asubuhi alipanda Kinole na mizani yake, akaenda moja kwa moja kwa Yasmin, ambaye mumewe alikuwa amelazwa. Alimpa pole, akautaja ugonjwa wenyewe. Yasmin aliuza mdalasini wote kwa bei ya Dominiko, kabla wenzake hawajafika na visu vya kumenyea. Nyumba zenye afya Dominiko alizipita.

Shadia alililalamikia wingu jeupe. Lilimkumbusha kwamba alikubali masharti, likamtakia siku njema. Evance alisema programu inafanya kazi vizuri, na mvua ikaendelea kumnyeshea Dominiko.

Mdalasini wa Bibi nao ukafika kumenywa. Alikuwa na kifua, lakini alikohoa ndani ya kanga, dirisha limefungwa, na Shadia alipomuuliza hali alijibu ni mzima, asije akaingizwa kwenye programu.

Hodi ikapigwa, taratibu. Wingu dogo lilikuwa limeshamwagilia mchicha. Bibi alifungua mlango nusu, akaliinamia, akalinong'oneza habari za kifua chake. Likasikiliza, likampoza paji la uso, halikuuliza kitu.

"Kesho upite tena, mwanangu," Bibi alisema. "Upitie huku huku mlangoni."