Ewald Anatafuta Mawimbi

Tangu Ewald astaafu pale karakana ya mabasi sijapata kukaa na sufuria peke yangu. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu, kuwaambia madereva nani aondoke lini na arudi lini. Walipomuaga kwa keki na maua akaja nyumbani, akakuta dereva amebaki mmoja tu, ndiye mimi. Nikikoroga, yuko nyuma ya bega: "Linde, punguza moto." Nikienda dukani, yeye ndiye anayesukuma kitoroli. Viungo vyangu vya jikoni amevipanga kwa alfabeti, sasa chumvi siioni mpaka niulize. Jamani, mtu unaweza kumpenda mume wako na bado ukaomba apotelee kwenye foleni ya posta nusu siku.

Jumamosi hiyo alikuwa amenunua kituo cha hali ya hewa cha nyumbani. Kuna kidude cheupe cha kutundika nje kwenye roshani, na kuna kioo cha kuweka ndani kinachoonyesha joto, unyevu na saa. Saa yenyewe haiwekwi kwa mkono. Inasikiliza mawimbi ya redio kutoka mnara ulio karibu na Frankfurt, na ikishayanasa inajiweka sawa yenyewe.

"Kwanza betri za kidude cha nje, ndipo za ndani," Ewald alisoma, miwani puani. "Ukikosea havitambuani. Na mtu asibonyeze kitufe chochote mpaka inase. Ukibonyeza inaanza upya."

"Nani atabonyeza?"

"Nasema tu, Linde."

Mimi nilikuwa nimebandika supu ya dengu na soseji, na nilikuwa nasubiri simu. Miaka minne nyuma, Ewald akiwa bado kazini, niliandikisha jina langu kwenye chama cha bustani kule ng'ambo ya reli, kinachokodisha vipande vya ardhi vya kulima. Kila mwenye kipande ana kibanda chake na ufunguo wake, na watu hungoja mpaka wakaota mvi. Wiki hiyo Bwana Pfaff, mwenyekiti, alinikuta kwenye duka la mikate akaninong'oneza. Mzee mmoja ameachia kipande. Atanipigia Jumamosi kabla ya saa sita mchana, na nisipopokea anakwenda kwa anayefuata. Ewald sikumwambia. Ningemwambia, jioni ile ile angekuja na makoleo mawili. Nilikuwa nalala nikikiwaza kile kibanda, na mlango wenye komeo kwa ndani.

Saa haikunasa kitu. Jengo letu ni zege tupu lililojaa nondo, hata redio hukoroma. Ewald akakibeba kile kioo kwa mikono miwili, dirisha hili, dirisha lile, mpaka bafuni.

"Usipite hapo, unaziba."

"Ewald, mimi ndiye naziba Frankfurt nzima?"

"Zima hiyo redio. Na mashine ya kahawa."

Nikazima. Nikakaa jikoni karibu na simu, nikimenya viazi ambavyo supu haikuvihitaji. Kila lifti ilipoguna nilidhani ni simu.

"Leo umetulia," akasema akipita. "Kimya kingi kina mshindo."

"Nakuachia uzungumze na mnara wako."

Saa tano ikapita, simu kimya. Mwisho nikanyanyua mkono wa simu kuhakikisha kama ni nzima, na haikuwa na mlio wowote. Nikaufuata waya mpaka nyuma ya kabati. Plagi ilikuwa imelala sakafuni.

"Ewald, nani amechomoa simu?"

"Mimi, tangu asubuhi. Kwenye maelezo ya kituo wameandika kiwe mbali na simu na televisheni."

"Hukuniambia."

"Nani anatupigia Jumamosi?"

Nikapiga magoti, nikaichomeka. Akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba saa itaanza upya, nami nikamwambia ianze, hata ikitaka ianze tangu Adamu. Nikampigia Bwana Pfaff. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Basi nikavaa viatu bila soksi, aproni bado kifuani. Nilikuwa nataka kwenda kule bustanini kwa miguu yangu nimtafute.

Ewald alikuwa amesimama ukumbini, kioo mkononi. "Unakwenda wapi?"

"Natoka."

"Ngoja nivae koti, twende."

Hapo nikataka kulia. Hakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana nilitaka kulia. Kabla sijajibu kengele ya mlango ikalia, na aliyekuwa nje ni Bwana Pfaff mwenyewe, anahema kwa ngazi, hakungoja lifti.

"Bi Rademacher, nimepiga mpaka kidole kimechoka. Vijana wanaofuata wamenikaba koo, nikasema acha nikupitie kwanza. Kipande unakitaka au hukitaki?"

"Kipande gani?" Ewald akauliza.

Bwana Pfaff alinitazama mimi, kisha akavitazama viatu vyake.

"Cha bustani," nikasema. "Nilijiandikisha miaka minne iliyopita."

"Sisi?"

"Mimi, Ewald. Mimi peke yangu."

Nikajiweka tayari. Maneno ya mwaka mzima yalikuwa yamenijaa mdomoni, na laiti angetoa amri moja tu, angesema punguza moto, ningeondoka na Bwana Pfaff na aproni yangu. Hakusema hivyo. Alikiweka kioo chini taratibu, akakaa kwenye kigoda cha kuvalia viatu, mikono juu ya mapaja.

"Ukienda huko," akasema, "mimi nitashinda na nani?"

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. Alikuwa ameogopa kweli. Huruma ikanishika, na nikaichukia ile huruma, kwa sababu kwa hasira ningetoka, nilishakuwa na viatu miguuni.

Bwana Pfaff akatoa karatasi na kalamu. "Basi niandike nani?"

"Tuandike wote wawili," nikasema.

Ewald akainuka upesi kufuata koti lake, huku anauliza kama kibanda cha huko kina ukuta wa upande wa kaskazini, wenye kivuli, wa kutundikia kile kidude chake cheupe. Bwana Pfaff akaandika jina la Ewald kwanza, kisha akanipa kalamu nitie la kwangu chini yake.