Nusu ya Kidonge

Daktari aliagiza kidonge cha asubuhi kikatwe nusu, na kazi hiyo akanikabidhi mimi, kwa kuwa mikono ya mke wangu hutetemeka kwa maradhi. Niliitikia. Siku nne zikapita, nami nampa kizima.

Nilikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Nimewafungia watu maduka kwa jiwe la mizani lililopungua wakia moja.

Lakini tangu dozi ilipoongezwa, mwanamke aliyeishi nami miaka arobaini kwa ulimi mkavu kama chaki, akiniita Bwana Ratili mbele ya wageni, alianza kunishika mkono mezani. Aliniita kipenzi. Alinisubiri dirishani. Vilevile aliwaona watoto wasiokuwapo, wameketi kwenye ngazi, akawa anawakanya wasianguke. Daktari alisema huenda yote mawili, watoto na mahaba, yametokana na dawa, ndipo akaagiza nusu.

Mjukuu wetu muuguzi, fahari ya nyumba hii, aliuliza kwa simu kama nusu imeanza. Nilimjibu kwamba tunaendelea vizuri.

Siku ya tano mke wangu alifungua mlango akashuka kuwafuata wale watoto. Nilimdaka kwenye kidato cha tatu cha ngazi. Nikamketisha jikoni nikamweleza yote, pamoja na siku zangu nne.



“Kumbe Bwana Ratili naye hupunja.”

“Nilikuzidishia, sikukupunja.”

“Ni yaleyale. Mizani ililalia upande wako.”

Akaagiza kisu, akakataa nimsaidie. Kisu kiliteleza, kidonge kikagawanyika vibaya, kipande kimoja kikubwa, kingine kidogo. Jicho langu la kazi liliona tofauti papo hapo, na moyo ukaomba achukue kikubwa.

“Hiki kidogo ndicho changu,” alisema.

Nilimwuliza itakuwaje kile kikubwa kikiondoka na mapenzi yake.

“Utabaki na mimi. Si umenizoea, mzee?”

Akakimeza kwa maji. Kile kikubwa nilikitia katika bahasha ya kumrudishia daktari, nikaandika tarehe juu yake, na chini yake idadi ya siku nilizokosea.

Kisha niliketi, nikauweka mkono wangu mezani, kiganja juu, shubiri moja kutoka mkono wake. Sikuusogeza.