Mdomo Uliokataa Kunyooka

Hadi leo nikifungua lile daftari moyo hunilipuka, lakini sijaacha kuchora.

Nilikuwa nimekaa miaka hamsini na ushee bila kuchora kitu. Darasa la tatu nilimchora mwalimu mkuu na tumbo lake, nikachapwa, hamu ikafa palepale. Juzijuzi mjukuu wangu akaniachia daftari lenye kurasa tupu na kipande cha penseli. Nikaanza na birika. Likatoka bata. Nilicheka peke yangu hadi machozi, nikalichora tena.

Kisha nikahamia kumchora mzee wangu, maana kila baada ya chakula cha mchana husinzia kwenye kiti cha dirishani. Kila siku ukurasa mmoja.

"Mama watoto, huyu ni mimi au gunia la viazi?"

"Gunia halikoromi."

Jumatano moja pua ilikubali, masikio yakakubali. Mdomo ukakataa. Nikichora, unakwenda upande. Nikafuta, nikachora, ukaenda upande uleule. Nikasema basi, uzee huu, mkono umeshanitoka. Nikafuta mara ya tatu, karatasi ikatoboka.

Kwa hasira nikafunua ukurasa wa jana. Mdomo umenyooka kama rula. Wa juzi, umenyooka. Nikamtazama mzee. Nikatazama daftari. Nikamtazama tena.

Mkono wangu haukuwa na kosa lolote.

"Baba watoto! Amka!"

Akafungua macho. Niliona kabisa anataka kunitania, lakini yaliyotoka hayakuwa maneno.

Nilipiga kelele hadi jirani yetu makanika akaja mbio, mikono imejaa grisi. Akampakia kwenye gari la mteja, bila hata kumwuliza mwenye gari.

Hospitali daktari akauliza, "Imeanza lini?"

Nikampa daftari, kumbe nilikuwa nimelibana kwapani njia nzima. Akafunua ukurasa wa jana, akafunua wa leo.

"Kabla hajalala alikuwa anaongea vizuri?"

"Alilalamika mboga haina chumvi."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Akaangalia saa ya ukutani. Saa tisa na robo. "Bibi, ni kiharusi, lakini mmewahi. Wengine huachwa hivyohivyo, watu wakidhani wamelala tu."

Nikakaa chini sakafuni. Benchi lilikuwa hapo kando yangu, sikuliona.

Sasa ni wiki ya tatu, na amerudi kwenye kiti chake. Mdomo haujarudi wote. Leo nimeuchora ulivyo, na raba sikuigusa. Akanyoosha mkono aone.

"Umepinda," akasema, akilivuta neno polepole.

"Umepinda wewe, mchoro hauna neno."

Akacheka, upande mmoja tu wa uso. Nikashtuka tena, safari hii kwa furaha, nikageuza ukurasa upesi.

"Hebu cheka hivyohivyo," nikamwambia. "Usitikisike."