Mabao Saba Kwenye Benchi

Usiku wa jana, kabla ya mechi pekee iliyobaki ya kuniokoa, niliota tumefika uwanjani na geti kuu liko wazi kabisa. Hilo peke yake lilinitia shaka.

Mimi ni mshambuliaji wa kati, miaka thelathini na miwili. Alfajiri nakimbia kabla wenzangu hawajaamka, jioni nabaki kupiga mashuti mpaka mtunza vifaa anakuja kuninyang'anya mipira. Pamoja na jasho lote hilo, mechi saba sijafunga. Kocha ameshaniambia: mechi ya leo nisipofunga, nafasi yangu anapewa Lubuva, yule mshambuliaji mpya anayenisalimia kwa heshima mno. Mtu anayekusalimia hivyo ana lake jambo.

"Getini hatupiti," akasema Mzee Ngwali, mwenyekiti wa kamati ya ufundi, yaani wale wazee wanaoilinda timu na ndumba za wapinzani. Msimu huu wote, mechi saba sasa, tunavalia jezi ndani ya basi na kuingia uwanjani kwa kuruka ukuta. Chumba cha kubadilishia nguo hatukikanyagi; wanasema kimemwagiwa dawa.

Naparamia ukuta. Ukuta unaniomba leseni ya mchezaji.

"Picha hii si yako," unasema.

"Ni yangu. Wakati ule nilikuwa nafunga."

Ukuta ukanitazama sana, kisha ukanipisha. Nikaruka nikitegemea nyasi. Nikatua juu ya vigae, ndani ya chumba kile kile tulichokatazwa.

Kwenye benchi yamekaa mabao saba. Sijui nilijuaje kuwa ni mabao. Mshambuliaji akiona bao analijua. Moja limelowa chapachapa, la ile mechi ya mvua. La penalti limejitenga, limekaa mita kumi na moja kutoka kwa wenzake, ingawa chumba chenyewe hakizidi mita sita.

"Umechelewa," likasema lile la mvua.

"Nani kawatuma?" nikauliza. "Lubuva?"

"Sisi ni mabao yako. Kila mechi mfungaji hutupitia hapa ndipo aingie uwanjani. Wewe unavalia kwenye basi."

Niliumia, sikatai. Mechi saba nimemtazama vibaya mtunza vifaa, nimenusa viatu vyangu kabla ya kuvaa, nimekataa maji ya Lubuva. Lakini pia nilijiambia, anayetaka kukutega ataongea hivi hivi. Nikainama chini ya benchi kutafuta hirizi. Nikakuta soksi moja na ganda la chungwa.

"Na nisipowachukua?"

"Leo ndiyo mwisho wa kusubiri. Tunasajiliwa kwa Lubuva. Yeye jana alipita mlangoni, akatuamkia."

Mlango ukanyanyua kibao cha mwamuzi wa akiba: dakika moja ya nyongeza. Dirisha la chumba sasa ni dirisha la basi, na Mzee Ngwali anachungulia na kikombe chake cha chai.

"Chande! Toka humo mwanangu, utakwisha!"

"Mzee, haya yanasema ni yangu."

"Yote husema hivyo!"

Nikanyoosha mkono kwa lililokuwa karibu.

"Usinishike kwa mkono!" likapiga kelele. "Nitakataliwa! Mimi ni bao la kichwa."

Nikalizunguka, nikalikagua mbele na nyuma. Nikaliuliza limetoka kwa krosi ya nani. Likajibu sawasawa. Nikaliuliza tena, nione kama litajichanganya. Yale mengine sita yalikuwa yananitazama kwa huruma, na namba kwenye kibao ikaanza kufifia. Ndipo nikainamisha kichwa, likaniruka kwenye paji la uso. Filimbi ikalia.

Nikaamka. Kumekucha, na mke wangu Zawena amesimama kando ya kitanda ameshika taulo, ananichunguza.

"Umejigonga wapi, baba Tatu? Umelala huna kitu wewe."

Nikaenda kwenye kioo. Katikati ya paji la uso palikuwa na alama nyekundu, mistari ya mshono wa mpira, imechapika vizuri kabisa. Nikakaa chini nikalia, Zawena akadhani naumwa. Yalikuwa saba, yote yangu, nami nimetoka na moja.