Mashine ya Mkanda na Meza ya Mama Mkwe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta.

Mama mkwe alikuwa ametuletea meza yake ya chakula, aliyoiunda marehemu mumewe kwa randa ya mkono. Ndiyo kazi pekee ya mikono yake iliyobaki. Alichotaka ni vanishi iliyobabuka itolewe, ipakwe mpya. Basi. Mke wangu, ambaye ndiye hupaka vanishi karakanani kwetu, akanituma dukani.

"Leta mashine ya msasa ile ndogo ya duara. Ya mkanda usiiguse, ile inakula mbao."

Nikaitikia. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Dukani muuzaji akaniwashia zote mbili. Ya duara ilinung'unika kama nyuki aliyefungiwa chupani. Ya mkanda ilinguruma hadi misumari ikacheza mikebeni.

"Unasafisha nini, fundi?"

"Meza."

"Basi chukua hiyo ndogo."

Kichwa kikanivimba. Nyumbani naelekezwa, na dukani pia? "Miaka ishirini nimo kwenye mbao," nikamwambia. "Nifungie ya kiume."

"Msasa wake ni namba arobaini. Mkali huo."

"Hata mimi mkali."

Akanifungia kama mtu anayemfungia mgonjwa dawa asiyoandikiwa.

Mke wangu alipoliona boksi aliweka brashi chini taratibu. "Nilikuambia nini?"

"Nimeboresha."

"Irudishe."

"Mama watoto, ngoja uone kwanza."

Akaona. Nilipoiteremsha mezani ilinivuta kama mbuzi aliyeona majani. Nikaikaza. Vanishi ikaruka, kifua kikanipanda, nikatulia mahali pamoja ili nitazame kama mke wangu ananitazama. Alikuwa anatazama mkanda unavyozama.

"Inua," akasema. "Inua, wewe."

Nilipoinua, katikati ya meza palikuwa na bonde la kulaza kijiko. Nikapitisha mashine kandokando nilisawazishe. Sasa likatosha sahani.

"Endelea," mke wangu akasema, amejishika kiuno. "Bado kidogo utokee upande wa pili."

Ndipo mama mkwe akaingia kuangalia kazi imefikia wapi. Hakusalimia. Alipitisha kiganja juu ya meza, kikafika kwenye bonde, kikakaa humo. Machozi yakamlengalenga. Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikafungua mdomo.

"Si mashine, mama. Mbao zenyewe zimezeeka, zimelegea."

"Zimelegea?"

"Ndiyo, mama. Hata angekuwa fundi gani, zingebonyea tu."

Hakuondoa kiganja. "Mwanangu, mbao hizi zimebeba viwiko vya watoto saba kwa miaka arobaini. Wewe umekaa nazo dakika tano."