Kamera ya Macho Mawili

"Mwanao huwa anakwenda wapi?"

Swali hilo Mama Viti aliulizwa na jirani yake, mkunga mstaafu, alasiri moja walipokuwa wamekaa barazani wakichambua mchele. Mwana mwenyewe alikuwa papo hapo mbele yao, amesimama na kikombe cha chai mkononi, hata Mama Viti akadhani uzee umeanza kumchezea bibi wa watu. Kisha naye akatazama. Kijana alikuwa akiwasimulia habari za gari fulani, akaliacha neno katikati. Macho wazi, lakini hayamwoni mtu. Midomo inatafuna kitu ambacho hakimo. Kikombe kimeinama, chai inamdondokea kiatuni. Ukapita muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, halafu akarudi, akaidaka hadithi yake mbele ya pale alipoiachia, akaona kiatu kimelowa, akacheka na kusema kikombe hiki kinavuja.

Mama Viti alikuwa ameshaiona sura ile zamani, mezani pake, kijiko kikiwa kimesimama njiani baina ya sahani na mdomo wa marehemu mumewe. Mume alikuwa dereva wa lori. Aliacha barabara mchana kweupe, mahali paliponyooka kama rula. Watu wakasema alisinzia. Wengine, Mungu awasamehe, wakasema alilewa, mtu ambaye hata dawa ya kifua aliinusa kwanza asije akanywa kileo bila kujua. Mjane hakubishana nao. Angewaambia nini? Hakujua kwamba kile alichokuwa akikiona mezani kina jina.

Sasa alilijua. Muuguzi wa zahanati alimweleza polepole, kama mtu anayemvusha mwenzake mto: kuna kifafa kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu, humwiba kidogo tu, kisha humrudisha, na mwenyewe asijue kwamba aliibwa. Mlete, alisema. Na kama anakataa, mrekodi japo kwa simu, ajione.

Kumwambia, alimwambia. Kijana akacheka, akasema alikuwa anawaza. "Hata wewe mama ukiwa kwenye cherehani mtu hubisha hodi mpaka akachoka." Ilikuwa kweli tupu, na ukweli ukitumiwa kufunika jambo huwa mgumu kuliko uongo. Akajaribu simu. Lakini mpaka aipate miwani, aipate simu, aifungue, kijana ameshatoka huko alikokuwa na anamuuliza mama, mbona unanipiga picha nikila?

Lingekuwa jambo la kungoja kama kijana angekuwa fundi saa. Siku za kazi alikuwa fundi umeme wa magari, na hilo si neno. Lakini mwisho wa juma alikuwa dereva wa mbio. Si zile mbio za wenye majina na wafadhili. Hii ilikuwa klabu ya watu wa kawaida, wenye magari madogo ya zamani waliyoyang'oa viti vya nyuma na mazulia, wakikimbizana kwenye kipande cha barabara ya zamani nje ya mji ambacho hakitumiki tena. Walimpa jina la Taratibu, kwa sababu neno hilo lilikuwa haliishi mdomoni mwake na halikuwa mguuni mwake hata kidogo. Mama alikuwa ndiye mshonaji wa viti na mikanda yao wote, ndipo naye alipolipata jina lake. Alizijua nyonga za kila dereva wa klabu ile, nani amenenepa na nani amekonda, bila kuuliza.

Basi ikatokea madereva wawili wakagongana, kila mmoja akaapa kwamba ni mwenzake. Mkuu wa klabu, fundi wa gia ambaye wote walimwita Babu Gia, akachoshwa na viapo. Akatangaza kwamba msimu huu hakuna gari litakaloingia mbioni bila kamera ndani.

Taratibu alikuja nyumbani akinung'unika. Kamera nzuri ni bei ya injini, na yeye injini yenyewe alikuwa bado anaibembeleza. Mama aliacha kukanyaga cherehani. Akasema atachangia, ila twende wote.

Dukani walimkuta muuzaji mwenye maneno laini kama mafuta. Aliwaletea kwanza kamera ndogo, ukubwa wa kibiriti, picha yake haitikisiki hata gari likipita juu ya mawe. Taratibu aliigeuzageuza kama mtu aliyeonyeshwa mchumba. Lakini ilitumia betri yake yenyewe, na ndani ya gari lenye jua betri ile ingekata roho kabla ya mbio kwisha. Isitoshe, bei yake ilimfanya airudishe juu ya meza kwa mikono miwili. Ya pili ilikuwa ya bei ya chini kabisa, jicho moja la kutazama barabara, inanyonya umeme wa gari, imeshikwa kiooni kwa kikombe cha mpira. Muuzaji akaisifu sana. Mama Viti akauliza kile kikombe kikipata joto kitashika mpaka lini. Muuzaji akasema, mama yangu, hicho hakitoki. Mama akakibandika kwenye kioo cha meza, akakivuta, kikatoka.

"Kimekuheshimu wewe tu," muuzaji akasema, wakacheka wote watatu.

Ya tatu ilikuwa kubwa kidogo na haina sura nzuri. Ilikuwa na macho mawili: moja latazama barabara, jingine lamtazama dereva. Kampuni za teksi hununua hizo, muuzaji alisema, ili tajiri ajue nani kalala kazini. Picha yake si ya kupendeza, itatikisika, na sauti itakuwa ya upepo mtupu, lakini inafungwa kwa skrubu, na bei yake iko karibu na ile ya jicho moja.

Taratibu alisema jicho la pili ni la nini. Klabu inataka barabara. Uso wake hana haja nao, anauona kila asubuhi akinyoa.

"Mimi nina haja nao," mama alisema. "Baba yako sina picha yake hata moja akiwa kwenye usukani. Watu wananiambia alikuwa akiendesha huku anatabasamu. Mimi sikuwahi kumwona kwa mbele, nilikuwa nakaa pembeni yake. Niachie nikuone wewe."

Kila neno lilikuwa kweli, na bado alipolisema alihisi kama mtu anayepima kwa kipimo pungufu. Kijana alimtazama, akalainika. Akamwambia muuzaji awafungie hiyo, na awape kadi ya kumbukumbu ya kweli, si zile za kuandikwa kubwa nje na ndani hamna kitu.

Waliifunga pamoja, jioni, uani. Taratibu alivuta waya kutoka kwenye sanduku la fyuzi akaupitisha nyuma ya dashibodi, nadhifu kama mshipa. Kamera akaikaza kwenye bomba la fremu ya chuma inayomlinda dereva gari likipinduka. Kanuni ya klabu ilitaka kila kitu kifungwe mara mbili, maana kitu kilicholegea ndani ya gari la mbio ni jiwe. Kwa hiyo mama alimshonea ukanda kwa kipande cha mkanda wa usalama, mshono wa msalaba, akaupitisha juu ya kamera na kuukaza. Akakaa kwenye kiti cha dereva kuangalia jicho linaona nini. Kijana alikuwa na furaha. Alikuwa anapiga mluzi. Akamwahidi kwamba siku ya mazoezi picha ataileta nyumbani kwanza, waitazame wao wawili, ndipo klabu waione.

Usiku huo Mama Viti alisali mpaka magoti yakafa ganzi. Hakujua aombe nini. Akiomba kijana asiibwe siku hiyo, kamera haitaona kitu, naye ataingia mbioni na magari mengine ubavuni. Akiomba aibwe, ni mama gani huyo? Mwisho alimwachia Mungu achague maneno mwenyewe, akalala na nguo zake.

Alichoweza kukifanya alikifanya. Alimwendea Babu Gia akamwomba Taratibu aingie peke yake, barabara ikiwa tupu, mwendo wa kupasha moto tu, maana gari limefungwa waya mpya. Babu Gia akakubali, akasema wamama wote wangekuwa hivi asingekuwa na mvi.

Siku ya mazoezi alisimama nyuma ya matairi yaliyopangwa kandokando ya barabara. Gari lilitoka, likaenda, likapotea kwenye kona, likarudi. Mzunguko wa kwanza salama. Wa pili salama. Wa tatu, kwenye mnyooko usio na kona, alipoona gari linaanza kuinamia upande wa matairi bila sababu, polepole, kama ng'ombe anayeacha njia kufuata majani, hakupiga kelele. Alilishika tairi lililokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili. Gari likagusa nyasi, likashtuka, likarudi barabarani. Mtu mmoja akasema Taratibu leo anaringa.

Alipotoka garini alikuwa anacheka, jasho linamtiririka, gari lilikuwa halijawahi kumwitikia vile. Na furaha ile ikamsahaulisha ahadi. Alichomoa kadi akamrushia Babu Gia.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Baada ya mazoezi wote huingia gereji ya Babu Gia, wakakaa juu ya ndoo na injini zilizofunguliwa, wakatazama picha za kila mmoja kwenye televisheni kuukuu. Walikiita kikao hicho kuoshana. Hakuna aliyesamehewa. Mzee kwa kijana walichambuliwa: ulikata kona mapema, ulikanyaga breki kama mtu anayeua mende.

Mama Viti aliingia nyuma yao. Bado alikuwa na nafasi ya kusema ngojeni, kadi hiyo ni yangu kwanza. Alifungua mdomo. Akaona nyumbani kijana atakavyocheka na kusema nilikuwa nawaza, na kadi itakavyofutwa, na Jumapili ya mbio itakavyofika. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Akaufunga mdomo, akakaa juu ya tairi.

Picha ilikuja ikiwa imegawanyika: juu barabara, chini uso. Walipoona uso wakaanza. Ona anavyouma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Ona macho, kama anadai. Taratibu mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, akageuka kumtafuta mama yake, akampungia mkono, kama kumwambia haya, uso wako huo.

Mzunguko wa tatu ulipofika kwenye mnyooko bado walikuwa wanacheka. Kisha uso wa chini ukaacha kufanya kitu chochote. Ulimi ukarudi ndani. Midomo ikaanza kutafuna. Macho yakabaki wazi, yakiitazama kamera na yasiione, na mkono wa kushoto ukateleza kutoka kwenye usukani ukaangukia pajani. Juu, barabara ilikuwa inasogea upande, nyasi zinakuja, matairi yanakuja, na chini mtu yule alikuwa ametulia kama picha ya marehemu ukutani. Kicheko kilikatika kwa mmoja, kisha kwa mwingine, mpaka ikabaki sauti ya upepo peke yake. Halafu uso ukashtuka, mkono ukapanda, na dereva akatabasamu, akiwa hana habari.

Babu Gia alirudisha nyuma, akaweka tena. Hakuna aliyemwambia aweke. Alipomaliza aliizima televisheni, akavua kofia yake.

"Mwanangu," alisema, "hapo ulikuwa wapi?"

Taratibu alikuwa bado anakitazama kioo kilichozimwa. Alisema alikata kona vibaya. Akasema hakuna kona hapo. Maneno hayo mawili aliyasema kwa sauti moja, kama watu wawili wanaojibizana ndani yake. Wenzake walitazama chini, kila mmoja akatafuta kitu cha kufuta kwa kitambaa. Babu Gia alisema, kwa upole, kwamba gari halitaingia mbioni, na kwamba funguo aziache, hata za kuendea nyumbani. Kuna mtu atawapeleka.

Ndipo kijana alipogeuka.

"Mama. Ulijua?"

Angeweza kusema alishuku. Angeweza kusema jirani ndiye aliyeanza.

"Nilijua," alisema. "Baba yako alikuwa hivyo. Nilikwambia ukacheka."

"Ulisema unataka kuniona uso."

"Nilitaka."

"Na ukaniacha niingie barabarani unajua."

Mama alisema tu kwamba muuguzi wa zahanati anawangoja, kwamba kuna dawa, kwamba wapo watu wanaotumia dawa hizo wakaishi mpaka wakazeeka. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayempima mteja kiti, tulivu.

Kijana alimsikiliza mpaka akamaliza. Heshima hiyo alimpa. Alitoa funguo mfukoni, akazivua moja moja kutoka kwenye pete, ya gari, ya stoo ya vifaa, ya geti la klabu, akaziweka juu ya televisheni. Ya nyumba aliibakiza mkononi, akaitazama kidogo.

"Hukuninunulia kamera," alisema. "Uliniwekea shahidi."

Mama Viti aliinuka kutoka kwenye tairi, akamnyooshea mkono. Mtu mmoja akasogeza ndoo yake apishe njia. Taratibu akapita katikati yao, akainama chini ya mlango wa bati wa gereji uliokuwa umefunguliwa nusu, akatoka.