Komeo la Chumba Namba Saba

Nisidanganye: nilikwenda kule kutafuta kosa. Kazi yangu ni ukaguzi. Serikali hunituma kwenye nyumba za watu binafsi zinazolaza walevi wanaotaka kuacha, zile zinazoendeshwa kwa hela za wafadhili, nihakikishe hakuna anayepigwa, anayeshindishwa njaa wala anayefungiwa. Miaka kumi na moja sikuwahi kuingia nyumba ya mtu na roho mbaya. Siku ile niliingia nayo.

Mdogo wangu alikuwa mle ndani. Nilimlea tangu mama yetu afariki, nikamfulia matapishi miaka sita, nikamtoa polisi hata sikumbuki mara ngapi. Kwangu hakumaliza wiki bila pombe. Kwa yule mama mwenye nyumba, miezi minne hajagusa hata tone! Tena kanenepa. Tena akinipigia simu ni mama kasema hiki, mama kasema kile. Mama yupi? Wetu si tulimzika sote wawili?

Fomu yetu, juu kabisa, inauliza uhusiano wa mkaguzi na mkazi yeyote. Ukiwa na ndugu mle, unaandika, anatumwa mwenzako. Mimi niliandika "hakuna". Nilitaka nyumba ile niifunge mwenyewe, mdogo wangu arudi kwangu.

Mwenye nyumba alitoka jikoni akijifuta unga mikononi. "Karibu mkaguzi, jisikie nyumbani."

"Nipo kazini," nikamjibu.

Jiko safi. Dawa zimefungiwa kabatini, daftari lake lina sahihi mbilimbili kama inavyotakiwa. Vyoo ndiyo usiseme, vyangu havijawahi kung'aa vile. Kila nilipokosa kosa, wivu ulizidi.

Kwenye chumba namba saba nikaliona: komeo la chuma, nje ya mlango. Loo! Nilifurahi, nusura nipige vigelegele. Komeo la nje maana yake mtu anafungiwa, na hapo sheria haina mjadala: nyumba inafungwa siku hiyohiyo, wakazi wanarudishwa kwao.

"Hili nini?"

Yule mama akashusha macho. "Muulize mwenye chumba. Mimi nilimkatalia wiki nzima."

Mkazi tunamhoji peke yake. Nikakaa mezani, nikaweka fomu na funguo zangu. Akaingia mdogo wangu, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani kaweka komeo?"

"Mimi." Akatabasamu kidogo. "Usingizi ulikuwa hauji bila kusikia mlango ukifungwa kwa nje. Kwako si nilizoea? Ulikuwa unanitia kufuli kila ukitoka, na usiku pia. Mama huja analisukuma, nikisinzia analifungua. Anadhani sijui."

Ni kweli, nilimfungia miezi minane. Asubuhi nampigia kufuli ndugu yangu, saa mbili niko kwenye nyumba ya mtu namkaripia kwa kufungia watu! Nilikuwa nampenda, jamani. Niliogopa asije akafa.

"Utaifunga hii nyumba?" akaniuliza.

"Sheria ndiyo inavyosema."

"Basi narudi kwako." Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono mezani, akapapasa funguo zangu mpaka akaufikia mmoja mdogo wa shaba. "Kumbe bado unao."

Nilichukua kalamu, nikalikata lile neno "hakuna", nikaandika "dada yake". Hapo ripoti yangu ilikufa, na kazi yangu pengine nayo. Mwenzangu angekuja kukagua upya. Chini, panapoulizwa ni nani aliyemfungia mkazi, nikaandika jina langu lote. Kisha nikamwita yule mama, nikamwambia alete bisibisi.

Mdogo wangu alilifungua komeo mwenyewe, skrubu moja moja. Alipomaliza aligeuka. Nilisimama pale nikingoja aniulize mimi. Akamuuliza yeye.

"Mama, leo nitalalaje?"

"Nitaleta kiti, nikae hapo mlangoni mpaka usinzie. Ukishtuka, uniite."

Akapumua, mabega yakamshuka. Wivu ulinichoma mpaka nikashika ukuta. Kiti! Miaka sita sikuwahi kufikiria kiti, na kwangu vipo vinne.